Msimbo wa hitilafu si oda ya kununua spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linalowagharimu wenye magari ya kifahari ya zamani hapa Arusha na kule Moshi, nalo ni namna tunavyoisoma misimbo ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huihifadhi pale taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi. Gereji nyingi huiita misimbo hiyo kodi au erro, na mara nyingi mazungumzo kati ya fundi na mwenye gari huishia kwenye sentensi moja: mashine imesema sensa imekufa, tafuta nyingine. Nimeshika kalamu kwa sababu mashine haisemi hivyo, na kwa sababu mimi mwenyewe nililipa fedha nyingi kabla ya kulielewa hilo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, ninaishi Njiro, na ninamiliki gari la saluni la Kijerumani la mwaka 2002 lenye injini ya V ya silinda sita, lililoletwa nchini kutoka Uingereza. Mwezi Februari mwaka jana, nikirudi kutoka Moshi, nilipofika karibu na Kikatiti taa ya injini iliwaka. Gari liliendelea kutembea vizuri barabarani, lakini nilipofika mjini na kusimama kwenye foleni lilianza kutetemeka, na katika wiki zilizofuata nikaona kwamba linakunywa mafuta kuliko kawaida yake. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilichomeka mashine ikapata misimbo miwili, P0171 na P0174, kisha nikaambiwa kwamba sensa mbili za oksijeni zimekufa. Nilizinunua kwa Sh 640,000, zikafungwa, misimbo ikafutwa, taa ikazimika, nami nikarudi nyumbani nikiwa na furaha iliyodumu siku tisa. Taa ilipowaka tena nilikwenda gereji ya pili, ikatokea misimbo ileile, na safari hii lawama ikaangukia sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini. Nikatoa Sh 280,000 nyingine kwa sensa iliyokuja kwenye boksi zuri lakini haikuwa halisi, na kuanzia hapo gari likawa linazimika kila ninapopunguza mwendo.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja fundi umeme wa magari anayefanyia kazi zake Unga Limited. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, taa ilipowaka mara ya kwanza, injini ilikuwa ya moto au ya baridi, na mashine iliandika nini kabla hawajafuta?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na risiti za spea, lakini sikuwa na hata karatasi moja iliyoandikwa msimbo.

Alichofanya baada ya hapo nakieleza kwa kirefu, kwa sababu ndicho kiini cha barua hii. Kwanza alinionyesha kwamba P0171 na P0174 ni msimbo mmoja uliotamkwa mara mbili. Injini ya V ina pande mbili, na upande wenye silinda namba moja ndio huitwa upande wa kwanza. P0171 inasema kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta katika upande wa kwanza una mafuta machache mno kulingana na hewa, na P0174 inasema hivyohivyo juu ya upande wa pili. Hakuna mahali ambapo misimbo hiyo inasema sensa ya oksijeni ni mbovu. Kinyume chake, sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na kuibadilisha kwa sababu ya taarifa iliyotoa ni sawa na kumfukuza shahidi kwa sababu ushahidi wake umekukera. Zaidi ya hapo, pande zote mbili za injini zinapolalamika jambo moja kwa wakati mmoja, akili ya kawaida inaelekeza kutafuta kitu kinachozihudumia zote mbili, kwa mfano njia ya hewa, pampu ya mafuta, filta ya mafuta au sensa ya hewa, badala ya kuamini kwamba sensa mbili zilikubaliana kufa siku moja.

Kisha alifungua ukurasa wa mashine unaoonyesha vipimo vya papo kwa papo, injini ikiwa inafanya kazi. Kompyuta ya injini huongeza au hupunguza mafuta kila wakati ili kusawazisha mchanganyiko, na huonyesha marekebisho hayo kwa asilimia. Kwa gari lenye afya marekebisho huwa karibu na sifuri, na watu wa kazi hii hawashtuki yakicheza ndani ya asilimia 10 juu au chini. Gari langu, likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lilikuwa linaongezewa mafuta kwa asilimia 23 pande zote mbili. Fundi alikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, akaishikilia hapo, na ile asilimia 23 ikashuka taratibu hadi asilimia 6. Akatabasamu, akaniambia hewa inaingia mahali ambapo haihesabiwi.

Kwa mtu aliyefundisha fizikia, maelezo yake yalinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Sensa ya hewa hukaa mwanzoni mwa njia ya hewa na kupima kila gramu inayopita. Ikiwa kuna ufa baada ya sensa hiyo, hewa nyingine huvutwa kupitia ufa bila kupimwa, na kompyuta, ambayo haijui habari za ufa huo, hutoa mafuta ya kutosha ile hewa iliyohesabiwa tu. Injini ikiwa sailensa huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya ufa huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Mizunguko ikipanda, hewa halali huongezeka sana na ile ya ufa huwa sehemu ndogo, ndiyo maana asilimia ilishuka. Kama mambo yangekuwa kinyume, yaani sailensa kuna utulivu lakini marekebisho yanapanda kadiri unavyokanyaga mafuta, basi angeshuku pampu iliyochoka, filta ya mafuta iliyoziba au sensa ya hewa iliyochafuka kwa vumbi letu la kiangazi. Msimbo ni uleule katika hali zote mbili, ila ugonjwa ni tofauti, na kinachoitenganisha hali moja na nyingine ni kipimo cha dakika tatu ambacho gereji mbili za mwanzo hazikukifanya.

Alipuliza moshi kwenye njia ya hewa, injini ikiwa imezimwa, nao ukafuka chini ya manifoldi, mahali ambapo mpira wa kupumulia injini ulikuwa umepasuka kwa uzee. Mpira huo uligharimu Sh 45,000 na kazi yake Sh 30,000. Ile sensa yangu ya hewa ya awali, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeitunza, aliisafisha kwa dawa yake maalumu na kuirudisha mahali pake. Tangu siku hiyo gari halijatetemeka.

Ningependa sasa wasomaji wenzangu waielewe lugha ya misimbo yenyewe, kwa sababu si ngumu kama inavyodhaniwa. Msimbo una herufi moja na tarakimu nne. Herufi P inahusu injini na giaboksi, C inahusu breki, usukani na vifaa vya chini ya gari, B inahusu vifaa vya bodi kama mifuko ya hewa na vioo, na U inahusu mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine ndani ya gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, msimbo ni wa pamoja na una maana moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni msimbo wa mtengenezaji mwenyewe, na namba ileile inaweza kumaanisha jambo moja kwenye BMW na jambo jingine kabisa kwenye Toyota. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu huingiza namba kwenye simu, wakapata maelezo ya gari la kampuni nyingine, wakaenda dukani nayo. Tarakimu ya pili huonyesha eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi na injini kumisi, yaani silinda kushindwa kuunguza mafuta yake, 4 ni udhibiti wa moshi, na 7 ni giaboksi. Kwa hiyo mtu akiona P0303 anaweza kujua, kabla hajamuuliza yeyote, kwamba silinda ya tatu inamisi.

Na P0303 hiyohiyo haisemi koili ya silinda ya tatu ni mbovu. Inaweza kuwa koili inayoipa plagi umeme wa kuwashia, plagi yenyewe, nozeli, waya, au hata valvu isiyokaa vizuri. Kwenye magari yenye koili moja kwa kila silinda, fundi mwangalifu huhamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya tano, hufuta msimbo baada ya kuuandika, kisha huendesha gari. Msimbo ukirudi ukiwa P0305, ugonjwa umehama pamoja na koili, na sasa koili inaweza kununuliwa kwa dhamiri safi. Ukibaki P0303, koili haina kosa na utafutaji unaendelea, plagi ikihamishwa safari ijayo. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya mamilioni, kinahitaji subira tu. Niongeze hapa, maana ni jambo la usalama, kwamba taa ya injini inayowaka bila kukatika inakupa muda wa kufika gereji, lakini ikipepesa wakati injini inamisi vibaya, punguza mwendo na utafute pa kusimama, kwa sababu mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye masega ya bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaunguza.

Kuna neno moja ndani ya maelezo ya misimbo ambalo naamini ndilo chanzo cha hasara nyingi kuliko mengine yote. Mashine zetu karibu zote huandika Kiingereza, na mara kwa mara husema kwamba njia ya umeme ya sensa fulani ina volti ya juu mno au ya chini mno. Fundi anayesoma kwa haraka huona jina la sensa tu na kuliacha neno la njia ya umeme, wakati njia hiyo ni sensa, waya, plagi ya kuunganishia na kompyuta yenyewe. Tuchukue sensa ya joto la maji ya injini. P0118 inasema volti yake iko juu mno, na P0117 inasema iko chini mno. Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye sensa hiyo kupitia kizuizi. Waya ukikatika, volti hubaki juu na mashine huonyesha maji yako kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, jambo ambalo hata kileleni Kibo hulioni. Ukiwa na P0118, chomoa plagi ya sensa na uunganishe tundu zake mbili kwa kipande cha waya: namba kwenye mashine ikiruka kwenda kwenye joto kali, basi waya na kompyuta ni wazima, na sensa ndiyo iliyokatika ndani. Namba isiposogea, usinunue sensa, fuatilia waya. Kwa P0117 fanya kinyume, chomoa plagi tu na uone kama namba inashuka hadi kwenye baridi ile isiyowezekana. Hicho ni kipimo ambacho ningeweza kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa kipindi kimoja.

Mambo huwa magumu zaidi kadiri gari linavyozidi umri, nami nawaonea huruma mafundi katika hili. Mfumo huu wa misimbo ya pamoja ulilazimishwa nchini Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2000 kwa aina mpya na 2001 kwa magari yote mapya. Gari lililotengenezwa kabla ya hapo linaweza kuwa na kompyuta nzuri kabisa isiyozungumza lugha hiyo. Mercedes-Benz za miaka ya katikati ya 1990 zina soketi ya duara yenye tundu 38 chini ya boneti, na BMW za miaka hiyo zina ya kwao ya duara yenye tundu 20, wakati soketi ya pamoja yenye pini 16 hukaa ndani, chini ya dashibodi, karibu na usukani. Rafiki yangu wa Moshi mwenye gari la mwaka 1995 aliwahi kuambiwa kwamba kompyuta ya gari lake imekufa kwa kuwa mashine haikuipata, kumbe mashine ilichomekwa kwa adapta isiyo yake na haikuwa na programu ya gari la umri huo. Alikuwa ameshaanza kutafuta kompyuta ya mtumba. Tena magari ya pini 16 nayo yana siri yake: kile kidude cha bei nafuu kinachounganishwa na simu, ambacho nami ninacho na ninakipenda, kwa kawaida huzungumza na kompyuta ya injini peke yake. Gari la kifahari lina kompyuta nyingine za breki, mifuko ya hewa, giaboksi, viti na suspensheni ya hewa, na ukimya wa kidude hicho juu ya breki haumaanishi kwamba breki ni nzima.

Jirani yangu ana Toyota Crown ya mwaka 1994 anayoitunza vizuri sana, na hiyo haihitaji mashine yoyote. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko, na ndani yake kuna tundu zilizoandikwa TE1 na E1. Unaziunganisha kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini na bila kukanyaga mafuta, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna msimbo. Gari lake lilipokuwa likigoma kuwaka asubuhi za baridi ya Julai, tulihesabu pamoja: mara mbili, pumziko, mara mbili tena. Ni msimbo 22, njia ya umeme ya sensa ya joto la maji. Kompyuta inapopoteza taarifa ya sensa hiyo hudhani kwamba maji yako kwenye joto la kazi, takriban nyuzi 80, kwa hiyo haitoi mafuta ya ziada ambayo injini ya baridi inayahitaji, ndiyo maana gari liligoma asubuhi na kuwaka bila shida mchana. Plagi ya sensa ilikuwa na kutu ya kijani. Ilisafishwa, ikakazwa, na hapakununuliwa kitu. Ninaomba tu msomaji asiunganishe tundu kwa kubahatisha, kwa maana kwenye kiboksi hicho kuna tundu nyingine zenye umeme.

Kabla ya msimbo wowote kuaminiwa kwenye gari la namna hii, betri ipimwe. Sisemi hili kwa kukazia tu. Nimeona gari moja la kifahari likitoa misimbo 27 kwa mpigo, kuanzia giaboksi hadi kiti cha dereva, na mwenye gari akiwa amejiinamia kwenye benchi la gereji kama mtu aliyefiwa. Betri ilikuwa na volti 11.8 gari likiwa limezimwa, wakati betri nzima iliyojaa huwa na takriban 12.6. Kompyuta hizo zinapokosa umeme wa kutosha wakati wa kupiga stata hupoteza mawasiliano, na kila moja huandika kwamba haikuzisikia nyingine. Betri ikabadilishwa, altaneta ikapimwa na kukutwa inatoa volti 14.1 injini ikiwaka, misimbo ikaandikwa kisha ikafutwa, na baada ya siku mbili uliorudi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa kweli.

Giaboksi nayo ina mtego wake. P0700 haisemi giaboksi imekufa, inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina misimbo yake na inaomba iulizwe yenyewe. Nimesikia watu wakishauriwa kubadilisha giaboksi nzima kwa msimbo huo mmoja. Kwenye Mercedes-Benz zenye giaboksi ya otomatiki ya gia tano ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990, gari linaweza kujifungia kwenye gia ya pili na kukataa kupanda, na mojawapo ya sababu zinazofahamika sana ni plagi ndogo ya umeme ubavuni mwa giaboksi, ambayo mipira yake ikizeeka huvujisha oili, nayo oili hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta. Plagi hiyo na mipira yake ni spea ndogo.

Juu ya P0420, inayosema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, nitasema machache: chunguza kwanza kama bomba linavuja kabla ya sensa ya oksijeni ya nyuma, na kabla ya hapo hakikisha masega yenyewe bado yamo, kwa sababu yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na yapo magari yanayotoka gereji yakiwa mepesi kuliko yalivyoingia.

Sasa nije kwenye desturi inayoniuma kuliko zote, yaani kufuta misimbo kabla ya kuiandika. Msimbo unapohifadhiwa, kompyuta huhifadhi pamoja nao picha ya tukio: mizunguko ya injini, mwendo wa gari, joto la maji na mzigo wa injini katika dakika ile taa ilipowaka. Hilo ndilo swali aliloniuliza yule kijana, na jibu lake lilikuwamo ndani ya gari langu hadi siku gereji ya kwanza ilipobonyeza kitufe cha kufuta. Hakuna daktari anayechana faili la mgonjwa kabla ya kulisoma. Kufuta hakuponyi kitu. Kompyuta huanza tu kuhesabu upya, na kwa hitilafu nyingi taa huwaka tena pale kosa linapoonekana katika safari mbili mfululizo, ndiyo maana nilipewa siku tisa za furaha. Tena kosa likiisha kweli, kompyuta huizima taa yenyewe baada ya safari tatu zisizo na kosa, na msimbo hujifuta baadaye baada ya injini kupata moto na kupoa mara 40 bila kosa kurudi. Kwa anayenunua gari la zamani hapa mjini, jambo hili lina faida ya pekee: mashine huonyesha pia kama kompyuta imekamilisha majaribio yake ya ndani, na ukikuta majaribio mengi hayajakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anasema analiendesha kila siku, ujue kwamba misimbo imefutwa au betri imechomolewa siku si nyingi, na umuulize kwa upole kwa nini.

Sina nia ya kuwadhalilisha mafundi wetu. Wengi wao wamejifunza kwa macho na mikono, chini ya mti, wakiwa na mashine ya kuazima inayoandika lugha ambayo hawakuisomea, na mteja amesimama pembeni akihimiza gari liishe leo. Sisi wateja tuna sehemu yetu ya kosa, kwa sababu tuko tayari kulipa laki sita kwa kitu tunachoweza kukishika mkononi, lakini tunanung'unika tukiombwa Sh 30,000 za kupima, tukidai kwamba fundi hajafanya kitu. Saa moja ya yule kijana wa Unga Limited iliokoa zaidi ya spea zote nilizonunua, na nilimlipa kazi yake ya kupima kama kazi kamili.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya. Wamiliki wenzangu wa Arusha na Moshi, kila taa inapowaka, ombeni msimbo uandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, kilomita na ile picha ya tukio kabla kitufe cha kufuta hakijaguswa, na kabla ya kununua spea muulizeni fundi amepima nini kilichomfikisha kwenye spea hiyo. Swali hilo likiulizwa kwa heshima, fundi mzuri hulifurahia. Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vya VETA vya Arusha na Moshi, ninawasihi mfikirie mafunzo mafupi ya jioni kwa mafundi walioko kazini, yasiyohusu kuchomeka mashine bali kusoma vipimo vya papo kwa papo, kutumia mita ya umeme na kufuatilia mchoro wa waya. Nao wataalamu wa BAKITA wangetusaidia sana kwa orodha ya istilahi za Kiswahili za misimbo hii, ili fundi aone kwa lugha yake kwamba mashine imeandika njia ya umeme, si sensa, na kwamba imeandika mafuta machache kulingana na hewa, si sensa ya oksijeni mbovu.

Kwako wewe Mhariri, nimeambatisha kurasa nne za daftari langu, ambamo nimeandika kwa Kiswahili maana ya misimbo 36 ya pamoja ninayoikuta mara kwa mara kwenye magari ya watu wa mtaani kwangu, na mbele ya kila mmoja kipimo cha kwanza cha kufanya. Yule kijana ameipitia na kunisahihisha mahali pawili. Ikikupendeza kuichapa, hata kwa vipande, hakuna malipo ninayoyadai, na fundi yeyote atakayeona kosa ndani yake aandike kwako nami nitalirekebisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Njiro, Arusha.